Hana ila

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, mpwa wangu alinishika mkono akanivuta pembeni kama mwenye habari ya posa. "Mjomba, nimepata punda." Miaka mitatu sasa anaendesha punda wa watu, mapato nusu kwa nusu na mwenye mnyama, na kidogo kidogo amejiwekea. Dume, umri miaka sita, shilingi 28,000, mwenyewe ni mtu wa Shela.

"Na umemuuliza nini huyo mwenyewe?"

"Nimemuuliza kasoro zake. Kaniambia hana ila."

Nikamwambia asitoe hata arbuni mpaka niende naye. Neno hilo nalijua bei yake. Mwaka 2011 lilinila shilingi 9,500.

Wasomaji wangu wa bara, kwenu "ila" ni isipokuwa, basi. Sisi huku Lamu tunayo na ile ya pili, ya dosari. Kitambaa kina ila, jahazi lina ila, hata mchumba huulizwa ila zake kabla ya mahari kutajwa. Muuzaji akitamka "hana ila" ni kama amekula kiapo, maana dini inamtaka ataje aibu ya kitu chake kabla ya kupokea pesa. Lakini maneno haya mawili hutamkwa sawasawa, na mjanja anaweza kusema "hana ila" akanyamaza hapo hapo, sentensi iliyobaki uje uimalizie mwenyewe nyumbani kwako.

Yangu niliimalizia pwani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba alikuwa ameniachia punda mmoja mzee, na kazi ya mawe ilikuwa imechangamka. Kwa asiyeujua mji wetu: magari hayaingii vichochoroni, hayawezi. Nyumba ikijengwa Mkomani, jiwe linakatwa Maweni kule Manda, linavuka kwa jahazi, na kutoka ufukweni mpaka mlangoni kwa fundi linabebwa na punda ndani ya shogi, lile tandiko la makapu mawili ya ubavuni. Saruji vivyo hivyo, mchanga vivyo hivyo, na kifusi cha nyumba ya zamani hurudi njia hiyo hiyo. Unalipwa kwa safari. Punda wawili ni safari mara mbili, hesabu haihitaji kalamu.

Basi nikavuka Mokowe, gati letu la bara, nikaenda mpaka shamba moja upande wa Hindi, kijiji cha huko huko bara, ambako niliambiwa kuna dume la kuuzwa. Kijana, rangi ya majivu, mstari mweusi wa mgongoni umenyooka kama wa rula. Nikamfungua kinywa, meno safi. Nikampapasa mgongo, hapana kidonda wala kovu. Nikainua kwato moja moja, akaniachia miguu kama anayekwenda kukatwa kucha. Nikamuuliza mwenyewe, "Ila yake nini?" Akanitazama usoni: "Huyu? Hana ila."

Tulianza 12,000 tukashuka. Kwenye 9,500 akanishika mkono, nikahesabu noti. Wakati huo niliona nimemnyang'anya.

Kivuko cha kurudi kilipaswa kuniamsha. Tulimpandisha mashuani kwa watu wanne na kitambaa machoni, na njia nzima alitetemeka hadi mbao zikawa zinagonga. Nikasema ni ugeni. Siku ya pili nikamtia shogi nikamteremsha pwani na yule mzee wa baba. Maji yamekupwa, jahazi limelala ubavu, wenzangu wameshaanza kupakia. Punda wangu akafika pale mchanga unapoanza kulowa, akasimama. Wimbi dogo, la kulowesha vidole tu, likaja likarudi. Akageuka akakimbia na shogi lake tupu, akapita Mkunguni katikati ya wazee waliokuwa wakicheza bao, akaangusha sinia la mtu wa kahawa, na hakusimama mpaka mwisho wa mji, kwenye mikoko.

Punda anayeogopa bahari. Na mimi nimemnunua nimpeleke Lamu.

Nilijaribu kila nililoambiwa. Kumpeleka usiku. Kumfunga nyuma ya mwenzake. Kumwosha kwa maji ya chumvi nyumbani ili aizoee harufu. Ami yangu mmoja alishauri asomewe, na sitasema kama alisomewa au hakusomewa. Kwenye kichochoro alikuwa hodari kuliko punda yeyote wa mtaa, mifuko miwili ya saruji, kilo 100, juu ya ngazi bila kuteleza. Lakini mzigo wote wa Lamu unaanzia majini. Vijana wakampa jina, Nahodha, na nikipita naye walikuwa wanauliza, "Leo Nahodha asafiri wapi?"

Ami yule yule ndiye aliyenimalizia sentensi. Nilikuwa namlalamikia kwamba muuzaji aliniambia hana ila. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Hakukudanganya, mwanangu. Hana ila bahari."

Nimesimulia haya kwa sababu baada ya hapo ami ndiye aliyenifundisha kununua punda, na mafunzo hayo ndiyo ninayoombwa kila wiki na watoto wa mtaa. Jambo la kwanza ni saa ya kwenda. Usiende jioni. Jioni punda wetu huoshwa baharini, na punda aliyetoka kuogeshwa hung'aa kama mlango wa msikiti, vumbi limetoka, kidonda kimekauka kwa chumvi, na mwenyewe kamsugua kwa makumbi ya nazi. Mwendee alfajiri, amesimama tu ukutani, hajatiwa mzigo. Ndipo utaona mguu upi anaupumzisha. Wote huinua mguu mmoja wa nyuma wakisinzia, hilo si neno. Lakini akiutupa mbele mguu mmoja wa mbele, huyo anaumwa.

Mgongo utautazama kwa nywele zake kuliko ngozi. Kidonda cha shogi kikipona, nywele huota nyeupe. Punda wa majivu mwenye vibaka vyeupe mgongoni ni daftari la mwenye kumfanyisha kazi, lisome. Kibaka kimoja si tatizo, sote tumewahi kutandika vibaya. Vitano pande zote mbili maana yake matandiko hayakuwahi kuwekwa gunia chini.

Kinywa, watu wanajidai kukijua. Meno ya mbele ya kudumu huanza kuota jozi ya katikati karibu na miaka miwili na nusu, jozi ya pili mwaka baadaye, na ya pembeni baada ya hapo, hivyo akifika miaka mitano kinywa kimejaa. Kuanzia hapo unasoma kulika: shimo jeusi lililo juu ya jino linazidi kufifia, jino linatoka kwenye umbo la yai linakuwa pembetatu, na lenyewe linalala mbele. Tukimwona mzee tunasema meno "yametoka kuangalia mgeni." Punda akitunzwa huishi miaka thelathini na zaidi, kwa hiyo wa kumi na mbili si mzee. Lakini usimlipie wa sita.

Halafu mavi. Ndiyo, utayatazama. Mji huu ulikuwa na mifuko ya plastiki kila jaa, na punda wetu hufunguliwa wakimaliza kazi, wakajitafutie. Walikuwa wanakula mifuko ile, inajikunja tumboni kamba moja, na mnyama anakufa amevimba. Mifuko ilipopigwa marufuku Agosti 2017 mambo yalipungua. Kama mavi ni madogo, makavu, au hayapo kabisa pale aliposimama usiku kucha, mwambie mwenyewe utarudi kesho. Ukirudi kesho na bado hayapo, usirudi tena. Wale madaktari wa hospitali ya punda iliyo pale pwani tangu 1987, wanaotibu bila malipo, watakueleza vizuri kuliko mimi. Wengine wetu huwapelekea punda tunayetaka kumnunua kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kwenda, umeshapata jibu na hujatoa hata senti.

Hayo yote yanaonekana kwa jicho. Ila ya Nahodha haikuwa ya jicho, na hapo ndipo ami alipokuwa mwalimu. Alisema usimuulize mwenye punda "ana ila?" maana utamfungulia mlango wa kusema hana. Muulize, "Unamuuzia nini?" Kisha kaa kimya. Mtu hawezi kustahimili kimya cha mnunuzi. Ataanza kujieleza: ada ya shule, mke anajifungua, nahamia Malindi. Ukisikia sababu tatu, hakuna hata moja ya kweli.

Jike langu nililipata hivyo, 2013, kwa bibi mmoja wa Langoni aliyefiwa na mume. Nilimuuliza anamuuzia nini akanijibu sababu moja tu: hana wa kumwendesha, na hataki wajukuu wake waache chuo. Nikamuuliza ila. Akafikiri. "Ila yake ni mimi," akasema. "Nimemlea kwa chapati. Alfajiri atakuja mlangoni kwangu, utake usitake."

Nikadhani ni maneno ya utu uzima. Nikalipa 11,000, nikamfunga kwangu siku tatu, siku ya nne nikamfungua kama tufanyavyo. Alfajiri hayupo. Nikamkuta Langoni, kidevu juu ya kizingiti, anangoja. Bibi ndani anajifanya hasikii, asije akaonekana anamwita punda aliyekwisha kumuuza. Ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka sita. Mwishowe nikawa siendi kumtafuta, naanzia kazi pale pale, na bibi alinipa na mimi chapati. Alipofariki, jike lile liliendelea kusimama mlangoni kwa kama miezi miwili. Wapangaji waliohamia walilalamika kwangu. Sikujua niwaambie nini, nikawa nampitisha njia ya nyuma.

Binamu yangu aliyeko Maskati huniletea picha za farasi wa huko wanaouzwa, Waarabu safi, kila mmoja na karatasi zake: baba fulani, mama fulani, babu wa baba fulani. Anasema huko ununuzi huanzia kwenye karatasi. Namwambia sisi punda wetu karatasi yake iko barazani. Uliza watu wanne waliokaa Mkunguni kuhusu punda yeyote wa mji huu, utapewa alizaliwa kwa nani, nani alimpiga, alishinda mbio za Maulidi mwaka gani au aliangushia wapi mtoto wa watu. Wawili watakudanganya, lakini si wale wale wawili kwa kila swali. Nilikosea Hindi kwa sababu nilikwenda nisikojua baraza.

Sasa Nahodha. Nilikaa naye miezi kumi na moja, kisha nikakubali. Nilimtafutia mnunuzi bara, mkulima wa Hindi, si yule aliyeniuzia, mwenye shamba la mahindi na mbali ya kwenda kuteka maji. Nikamwambia yote, mpaka habari ya sinia la kahawa. Akacheka. "Bahari iko wapi hapa? Huyu kwangu hana ila ya kweli." Akanipa 8,000. Nilipoteza 1,500 na nililala vizuri. Kila nikivuka kwenda Mpeketoni kwa shughuli zangu nilipita kumwona. Alikuwa amenenepa. Watoto walikuwa wanampanda watatu kwa mpigo.

Ile biashara nyingine ilitufikia polepole. Mwaka 2012 serikali ilimtia punda katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa, na sisi huku hatukulitia maanani, nyama yake kwetu haramu, nani angeinunua? Hatukujua kwamba kinachotakiwa si nyama. Ni ngozi, inachemshwa China ikatoka gundi ya dawa waitayo ejiao. Kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa, Mogotio, Naivasha, Machakos, Turkana. Bei ikapanda bara yote. Watu walikuwa wanaamka wanakuta kamba tu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya nzima, ile ya 2019 milioni 1.2 hivi, na mtu akumbuke kwamba jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mmoja. Hawa si mbuzi.

Sisi wa kisiwani tulikingwa na maji. Kumwiba punda Lamu utampitisha wapi? Lakini Mokowe wanunuzi walifika, na mwaka 2018 mmoja wao nilikutana naye uso kwa uso. Nilikuwa nimevuka na dume langu jingine, nampeleka kwa mtu wa kumwazima. Jamaa akanisogelea, adabu zote, akauliza namuuza kiasi gani. Nikasema siuzi. Akataja 15,000. Kwa dume mwenye jicho moja! Nikamuuliza mbona hata hujamfungua kinywa. Akasema haina haja. Hujamtazama mgongo. Haina haja. Alimzunguka mara moja tu, akampima kwa macho toka shingoni mpaka mkiani kama fundi anayekata kitambaa.

Nimeuziana punda miaka mingi, nimedanganywa, na nimewahi kunyamazia jambo moja au mawili ambayo sikupaswa kunyamazia. Sijawahi kumwogopa mnunuzi. Huyo nilimwogopa. Nilirudi na dume langu kwa mashua ile ile niliyokuja nayo.

Wiki tatu baadaye mkulima wa Hindi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusamehewa kabla hajasema. Mtoto alikuwa ameitwa kidato cha kwanza, vifaa vya shule, mvua zimekosa. Sababu tatu. Kapewa 17,000 taslimu. Sikuwa na haki ya kumlaumu, punda wake, mtoto wake. Nilimuuliza swali moja tu, kama alimwambia mnunuzi habari ya bahari. Alikaa kimya kidogo.

"Hakuuliza ila yoyote," akasema.

Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji ule, mahakama ikaja kuitengua amri mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi barani kote. Nafuata habari hizo kama wengine wanavyofuata mpira.

Turudi Shela. Jumamosi tulitoka kabla ya adhana, tukasali njiani, tukafika mwenyewe bado hajamwosha. Umri miaka sita! Meno yalikuwa yameshatoka kuangalia mgeni kitambo, nikimpa kumi na tatu namheshimu. Mgongoni vibaka vinne vyeupe na cha tano kibichi chini ya manyoya yaliyochanwa kukifunika. Mpwa wangu alikuwa ananitazama mimi, hamtazami punda. Nikamuuliza mwenyewe, kwa upole, anamuuzia nini. Ada, akasema. Na mke ana shughuli. Na anahamia Mombasa. Tukamshukuru kwa kahawa tukaondoka.

Tumefika mjini, karibu na Langoni, tukakutana na mtu namjua kwa sura, anaswaga madume mawili. Akamwuliza mpwa wangu kama ndiye anayetafuta, maana habari zilikuwa zimeshatembea. Huyu wa mbele anauzwa. Nikamuuliza ila. Yule bwana akashusha pumzi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mvivu siku za joto. Ukimtandika kutoka kulia atakukanyaga, mtandike kutoka kushoto. Hapendi mbwa, lakini mbwa mjini wako wangapi. Huwafuata majike, akipotea kamtafute huko majaani nyuma ya mji. Ana kovu moja hapa, kosa ni langu, 2022, mtaniwia radhi. Na ana tabia mbaya ya kung'ata mabuibui, sijui alijifunzia wapi, mke wangu hapiti karibu naye.

"Baharini je?"

"Huko ndiko kwao. Kumtoa ndiyo kazi."

Nikamfungua kinywa: saba, labda nane. Bwana mwenyewe alikuwa amesema minane. Tulianza 26,000, tukafika 24,000, akataka abaki na shogi, nikakataa, akakubali. Mpwa wangu akanivuta nguo. "Mjomba, ila zote hizo?"

"Toa simu ulipe," nikamwambia.

Akalipa. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, tukapeana mikono, kamba ikahama. Mpwa wangu alitangulia mbele na punda wake, shingo imenyooka, anasalimia hata asiowajua. Tulipokata kona ya Ngome mama mmoja alikuwa akipita na kikapu cha samaki, na punda akageuza kichwa taratibu akamdaka buibui kwa meno, kama tulivyoambiwa.